Aliyebandika picha ndiye wa kuulizwa

Msimu wa kutafuta wanafunzi ukifika, kurasa za Facebook za shule nyingi za binafsi Kenya hujaa sura za watoto. Huyu kavaa joho la kuhitimu chekechea, yule kanyanyua kikombe, nembo ya shule ikisomeka vizuri kifuani. Mpita njia yeyote mtandaoni anajua mtoto anasoma wapi na darasa gani. Mzazi akilalamika, anaambiwa alikubali mwenyewe alipojaza fomu.

Septemba 2023 mazoea ya aina hiyo yaligharimu. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoongozwa wakati huo na Immaculate Kassait, iliipiga Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kubandika picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Katika tangazo hilo hilo kampuni moja ya mikopo ya simu na klabu moja ya starehe ziliadhibiwa pia, ila kwa faini ndogo kuliko ya shule.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mzazi au mlezi aridhie, na hata akisharidhia, taarifa zitumike kwa maslahi ya mtoto. Kinachouma zaidi ni cha 32: mwenye kukusanya taarifa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba aliruhusiwa. Mzazi hadaiwi ushahidi kuwa alikataa, na aliyekubali jana anaweza kubadili nia leo. Kampuni za michezo ya simu nazo zinatakiwa kuwa na njia ya kuhakiki umri. Kumwachia mtoto ajichagulie mwaka wa kuzaliwa ni mzaha.

Mambo ya nyumbani sheria hiyo imeyaacha. Mama akiwatumia shangazi picha ya mwanawe akiogeshwa kwenye beseni, Kamishna hana la kumuuliza. Lakini mama huyo akianza kulipwa na kampuni ya nepi kwa picha hizo hizo, kwa maoni yangu hiyo si nyumba tena, ni biashara.

Malalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na Ofisi ina siku 90 kuyamaliza. Mzazi asiyetaka kufika huko aanze na barua kwa mwalimu mkuu ya kuondoa idhini, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa shule.