Sikio Linapozima Ghafla: Msongo na Hulka ya Mgonjwa

Mtu hulala mzima, asubuhi akaweka simu kwenye sikio la kushoto asisikie kitu. Sikio huhisi limejaa, lina mvumo usiokoma, na pengine huja kizunguzungu. Madaktari huita hali hii uziwi wa ghafla: usikivu hushuka kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Mara nyingi huwa sikio moja tu.

Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Hushukiwa virusi, au damu kutofika vizuri kwenye sikio la ndani. Hapo ndipo swali la msongo wa mawazo huingia. Mwili wenye msongo humwaga adrenalini na kotisoli, na mishipa midogo hubana; wazo kwamba jambo hilo laweza kudhuru sikio si la kupuuzwa. Tena wagonjwa wakijaza madodoso ya hulka, wengi huonekana wepesi wa wasiwasi.

Lakini dodoso hujazwa baada ya sikio kuzima. Aliyekesha na mvumo, asiyejua kama atapona, ukimuuliza kama ana wasiwasi atasema nini? Huenda tunapima jeraha la wiki hii tukaliita tabia ya maisha. Kumbukumbu nayo hutafuta sababu. Mwaka 1967 watafiti Holmes na Rahe walipanga matukio 43 ya maisha yanayotikisa watu, kufiwa na mwenzi kukiwa juu kwa alama 100. Orodha hiyo ina hata likizo na sikukuu. Nani atakosa lake akirudi nyuma mwaka mzima? Kwa hiyo kumwambia mgonjwa kwamba amejiletea uziwi kwa kuwaza sana ni kumwonea.

Hulka huonekana zaidi baadaye. Wawili wenye kipimo kilekile cha usikivu, mmoja huzoea mvumo, mwingine hukosa usingizi. Ukubwa wa mvumo peke yake hauelezi tofauti hiyo. Na hofu yao ina msingi: mwenye sikio moja hushindwa kujua honi ya bodaboda inatoka upande gani, na mezani penye watu wengi hupoteza mazungumzo.

Msongo mwingine twaweza kuuzuia kwa kuwahi kwa daktari. Sikio likizima ghafla, jaribu hili: funga mdomo, uvume. Sauti ikisikika zaidi upande wa sikio zima, huenda tatizo liko sikio la ndani. Ikielekea upande wa sikio bovu, huenda ni nta au kizuizi kingine. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Dawa za steroidi hutarajiwa kusaidia zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na wengi hupoteza wiki hizo wakisubiri sikio lizibuke lenyewe. Daktari naye, akishapima usikivu, aulize pia usingizi na hofu, kwa sababu hayo nayo yana tiba, hata pale sikio lisiporudi.