Tetris ya 1989 na Vidole vya Vijana

Toleo la gemu ya Tetris ambalo Nintendo ililitoa mwaka 1989 kwa mashine yake ya NES halijabadilika hata nukta. Limo ndani ya kaseti ya plastiki ya kijivu, na kilichoandikwa kwenye chipu siku kaseti ilipotoka kiwandani ndicho kilichomo leo: matofali ya maumbo saba, uwanja wenye upana wa vyumba 10 na kimo cha vyumba 20, na makosa ya waandishi wa programu palepale walipoyaacha. Ajabu ni kwamba mambo makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa ndani ya gemu hiyo yamefanywa katika miaka ya karibuni, tena aghalabu na vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya NES kuondoka madukani.

Mmoja wao ni Willis Gibson wa mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, Marekani. Tarehe 21 Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka 13, aliicheza Tetris hiyo kwa dakika 38 hivi, akafuta mistari 1,511, akafika hatua ya 157, na hapo gemu ikaganda. Hakuna binadamu aliyewahi kuifikisha hapo kabla yake. Kwa miaka 34 mwisho ulikuwa mmoja tu: matofali yanajaa hadi juu na mchezaji anashindwa. Safari hii aliyebaki amesimama ni mchezaji. Katika video aliyojirekodi anasikika akiisihi gemu igande, na ilipoganda akashika kichwa, pumzi zikimpaa, akirudia kusema kwamba havihisi vidole vyake.

Watu wanaporudia gemu za zamani, sababu inayotajwa haraka ni kumbukumbu. Mtu mzima, husemwa, anautafuta utoto wake: sebule ya wazazi, ndugu wakigombea padi, jioni za likizo. Kwa wengi hilo ni kweli. Afrika Mashariki pia wapo wanaovikumbuka vile vigemu vya mkononi vya betri kutoka China, vilivyokuwa na matofali yanayoshuka na mlio usiosahaulika. Lakini Gibson hana utoto wa kurudia katika mwaka 1989. Aliikuta Tetris kwenye YouTube alipokuwa na miaka 11 hivi. Mama yake akamtafutia mashine inayosoma kaseti za NES, pamoja na televisheni kuukuu ya chogo, na kijana akaanza.

Historia ya gemu yenyewe inajulikana. Alexey Pajitnov aliibuni mwaka 1984 mjini Moscow, akiwa mtafiti katika Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti. Ikavuka mpaka na kuzusha mzozo mrefu wa haki za kuiuza, na mfanyabiashara Henk Rogers akaifikisha Nintendo. Kinachostahili kuangaliwa kwa utulivu ni yaliyotokea baadaye, wakati wauzaji walipokuwa wamekwisha kuisahau.

Yote yanaanzia kwenye kasi. Mashine ya NES huchora picha mara 60 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Kadiri hatua zinavyopanda, ndivyo tofali linavyoshuka kwa fremu chache zaidi. Katika hatua ya 19 hadi ya 28 linashuka chumba kimoja kila fremu mbili. Ikifika ya 29 linashuka chumba kimoja kila fremu, maana yake linatoka juu hadi chini kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Mchezaji wa kawaida hulisogeza tofali pembeni kwa kubonyeza kitufe cha mwelekeo na kukishikilia. Gemu inapokea msogeo wa kwanza, inasubiri fremu 16, kisha inalisogeza mara 10 kwa sekunde. Kwa kasi ya hatua ya 29 hilo halitoshi, kwani tofali linatua kabla halijafika ukingoni. Ndiyo maana wachezaji waliiamini hatua hiyo kuwa ukuta wa mwisho. Pengine waliounda gemu nao hawakutarajia mtu avuke.

Ukuta ulitobolewa kwa mikono. Thor Aackerlund, bingwa wa mashindano ya dunia ya Nintendo ya mwaka 1990, alifika hatua ya 30 kwa kuacha kushikilia kitufe. Alikuwa akikigonga tena na tena kwa misuli ya mkono iliyokazwa hadi inatetemeka, kwa kasi inayopita ile ambayo gemu yenyewe ingelisogeza tofali. Mtindo huo unachosha vibaya, na kwa miaka mingi ulibaki kipaji cha wachache. Mwaka 2018, katika fainali ya mashindano ya dunia ya Tetris hiyo mjini Portland, Joseph Saelee, kijana wa miaka 16 aliyeumudu, alimshinda Jonas Neubauer, aliyekuwa ametwaa ubingwa mara saba kwa mtindo wa kushikilia. Neubauer alimpongeza kwa moyo mweupe. Alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 39, na wanaocheza leo bado wanamtaja kama mtu aliyewafungulia mlango.

Kisha likaja jambo zuri kuliko yote katika habari hii. Mwishoni mwa mwaka 2020, mchezaji Christopher Martinez, anayejulikana kwa jina la CheeZ, aligeuza kazi ya mikono juu chini. Padi ya NES ni kipande chembamba cha plastiki chenye pembe nne, na kila mtu alikuwa akiishika na kubonyeza vitufe kutoka juu. Martinez alikiweka kidole gumba juu ya kitufe cha mwelekeo bila kukibonyeza, kikigusa tu. Vidole vya mkono wa pili akavipeleka chini, mgongoni mwa padi, akaipiga padi kutoka huko: kidole kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, kwa mfululizo. Kila pigo linaisukuma padi nzima juu kidogo, kitufe kinakutana na kidole gumba kilichotulia, na msogeo mmoja unahesabiwa. Kidole gumba hakifanyi kazi yoyote. Ni padi inayokiendea.

Faida yake inaonekana mtu akihesabu. Tofali huanzia katikati ya uwanja, kwa hiyo kulifikisha ukingoni huhitaji misogeo minne au mitano tu. Mpito mmoja wa vidole vya mkono mmoja unatosha. Mkono hauhitaji kukazwa, vidole vinapokezana na kila kimoja kinapata nafasi ya kupumzika. Wanaoumudu mtindo huu wanaweza kubonyeza zaidi ya mara 20 kwa sekunde. Baadhi huvaa glovu mkono mmoja ili padi iteleze vizuri. Wazo lenyewe lilitokana na mchezaji wa mashine za sarafu, Hector Rodriguez, aliyepiga vitufe vya gemu ya riadha ya Track & Field kwa vidole vingi. Gemu moja kongwe, basi, ilikuwa imehifadhi ufunguo wa nyingine.

Baada ya hapo hatua ya 29 ikawa mwanzo. Ndani ya miaka mitatu wachezaji walikuwa wakitembea mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona, na gemu ikaanza kuonyesha siri zake. Ina seti 10 za rangi zinazojirudia, lakini kuanzia hatua ya 138 programu inakwenda kutafuta rangi nje ya jedwali lake na kuokota chochote inachokikuta. Zinatokea rangi ambazo hakuna msanii aliyezichagua. Hatua ya 146 ina kijani kilichofifia kiasi kwamba wachezaji wameipa jina la jioni. Ya 148 wameiita mkaa, kwa sababu matofali ni meusi juu ya uwanja mweusi, yanashuka kwa theluthi ya sekunde, na mchezaji anatakiwa kujua kila moja limekaa wapi huku karibu haoni kitu. Wengi waliishia hapo. Gibson alipita.

Huko mbele kuna kosa jingine. Kila mistari inapofutwa, programu hukokotoa alama na mambo mengine kabla fremu inayofuata haijaanza. Katika hatua za juu sana hesabu hiyo inaweza kuchelewa, fremu mpya ikaanza kazi haijamalizika, na programu ikapotea njia. Wapenzi wa gemu waliusoma msimbo wake na kuorodhesha ni katika hatua gani, na kwa kufuta mistari mingapi, gemu inaweza kuganda. Programu ya kompyuta iitwayo StackRabbit, iliyotengenezwa na Greg Cannon, ilikuwa imekwishaonyesha mbele kuna nini. Fursa ya kwanza iko hatua ya 155. Gibson aliipata yake katika ya 157, kwa kufuta mstari mmoja tu.

Kijana mwenyewe huyaeleza haya kwa maneno machache. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba anachokipenda ni urahisi wake: kuanza ni rahisi, kubobea ni kugumu sana. Alikuwa akicheza saa 20 hivi kwa wiki, na alisema kwamba alipoanza hakuwahi kutarajia kuigandisha. Ushindi huo aliutoa kwa heshima ya baba yake, aliyefariki mwezi huohuo wa Desemba. Mtangazaji mmoja wa televisheni nchini Uingereza alimshauri atoke nje apate hewa, kwa kuwa kuishinda Tetris si lengo la maisha. Ushauri huo ulikuwa wa kumwonea. Mtoto aliyefiwa na mzazi, akatuliza akili na vidole kwa dakika 38 mfululizo bila kosa lisilorekebishika, alistahili neno jema. Pajitnov na Rogers walimpa neno hilo kwa simu ya video mwezi uliofuata.

Kuna jambo katika maneno ya Gibson kuhusu kubobea ambalo gemu za kisasa haziwezi kulitoa kwa urahisi. Gemu nyingi za leo hurekebishwa na kampuni kila mara: silaha inapunguzwa nguvu, ramani inafutwa, kosa linazibwa, na ustadi wa mwaka jana unapoteza thamani. Kosa la Tetris hii lingeonekana leo lingezibwa wiki hiyohiyo. Wachezaji wa bao la kete wa Zanzibar na Lamu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mashimo ni 32 na kete ni 64, na kwa kuwa havibadilishwi, fundi wa leo hupimwa kwa mizani ileile aliyopimiwa fundi wa zamani. Tetris ya 1989 imekuwa mizani ya namna hiyo. Imebaki ilivyo, na kilichokua ni ujuzi wa watu, ukirithishwa kutoka kwa Aackerlund hadi Saelee, hadi Martinez, hadi mtoto wa Oklahoma.

Swali la nini hasa ni kuishinda gemu hii halijatulia. Wapo wanaoridhika na kuganda. Wengine wanataka ivushwe hadi mwisho wa kuhesabu: hatua ya 255 ikikamilika, namba inarudi sifuri. Oktoba 2024 Michael Artiaga, bingwa wa dunia wa 2020 na 2021, alifanya hivyo, akipita hatua ya 235 ambayo peke yake hudai mistari 810. Alitumia toleo lililorekebishwa ili lisigande. Je, kuzunguka namba zote ndani ya programu iliyozibwa kosa ni zaidi ya kuligandisha toleo halisi? Wachezaji wenyewe hawana jibu moja.

Kuna tatizo la vyombo pia. Televisheni bapa za kisasa huchelewesha picha kidogo, na kwa tofali linaloshuka kwa theluthi ya sekunde, ucheleweshaji huo ni hasara. Kwa hiyo wachezaji wengi wakubwa hung'ang'ania chogo. Lakini chogo hazitengenezwi tena, mafundi wanaojua kuzitengeneza zikiharibika wanazidi kupungua, na nyingi zimekwishatupwa. Nakala za programu zitadumu. Zitachezwa kwenye kioo gani, na rekodi zitakazopatikana humo zitahesabiwaje mbele ya zile za kwenye chogo, ni jambo ambalo waandaaji wa mashindano watalazimika kuliamua wenyewe.