Bima ya gari la watalii Mikumi: ada ndogo yaweza kuwa ghali

Kuanza kwa safari za treni ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ikiwa na kituo Kilosa, kumewapa wenye mitaji midogo sababu mpya ya kuitazama biashara ya kubeba watalii waendao Mikumi. Katika biashara hiyo gari ndilo mtaji wenyewe. Likiharibika bila fidia, mwenye nalo hubaki na deni la benki na leseni ya ukutani.

Sheria inamtaka kila mwenye gari awe na angalau bima ya mtu wa tatu, ile ambayo wengi huiita bima ndogo. Hii hulipa madhara aliyopata mtu mwingine. Gari lenyewe likipinduka, likiungua au likiibwa, mwenye nalo hapati kitu. Bima kubwa ndiyo inayolikinga gari, na hapo ndipo makosa ya gharama yanapofanyika.

Kosa la kwanza ni la matumizi. Gari hukatiwa bima kama la binafsi kwa kuwa ada yake ni nafuu, kisha hupakia wageni wanaolipa. Siku ya ajali mkaguzi wa kampuni huuliza gari lilikuwa linafanya kazi gani na nani alikuwamo. Ikibainika kwamba lilikuwa kazini, kampuni ina haki ya kukataa madai, na stika ya bima haitasaidia. Mwenye gari aandikishe kazi halisi ya gari lake, na abiria watajwe kwenye hati kwa idadi ya viti. Mgeni aliyeumia anaweza kudai fedha nyingi kuliko thamani ya gari.

Kosa la pili ni kupunguza thamani ili ada ishuke. Tuseme gari lina thamani ya Sh milioni 60, lakini limeandikwa milioni 40. Kwa ada ya asilimia 3.5, pamoja na VAT ya asilimia 18, mwenye gari atalipa Sh 1,652,000 badala ya Sh 2,478,000. Ameokoa Sh 826,000. Gari likipata hasara ya Sh milioni 15, na hati ikiwa na kifungu cha uwiano, kampuni italipa theluthi mbili tu, yaani milioni 10. Milioni 5 zitatoka mfukoni mwake, kabla hata ya kukatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hujilipia.

Mazingira ya Mikumi nayo yana mambo yake. Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilometa 50, na nyati, twiga na tembo huivuka usiku na mchana. Gari likigonga mnyama, bodi na injini zaweza kulipwa na bima kubwa. Malipo ambayo hifadhi humtoza dereva aliyeua mnyama ni jambo jingine. Kwa kawaida faini haimo katika hati, nayo hukadiriwa kwa dola. Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa ada, na jibu lipatikane kwa maandishi.

Upande wa Kilosa hatari ni maji. Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo, ukafurika mjini na kung'oa reli ya kati. Januari 2014 mafuriko yaliikumba Dumila na kulibomoa daraja la Magole. Mwenye gari ahakikishe kwamba neno mafuriko limo katika orodha ya yanayokingwa. Asikubali jibu la wakala kwamba "kila kitu kimo".

Wapo wanaofikiria kuongeza boti, kwa kuwa wageni wengi huunganisha Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, ambako safari za boti katika mto Rufiji ni kivutio kikubwa. Bima ya boti ni hati ya peke yake. Hutaja maji ambamo boti itatembea na mara nyingi hutaja pia sifa za nahodha. Iliyoandikiwa Rufiji ikipelekwa baharini huwa haina kinga. Injini ya nyuma, ambayo ndiyo wezi huitafuta, iandikwe kwa namba yake. Cheti cha ubora cha TASAC kikiisha muda, madai nayo huwa mashakani.

Kuhusu malipo, kampuni haiwajibiki kabla ada haijalipwa, kwa hiyo ahadi ya wakala kwamba gari "limeshaingia" haina uzito. Namba ya gari ihakikiwe siku hiyohiyo katika mfumo wa TIRA MIS, maana stika bandia zimewaumiza wengi. Ajali ikitokea, polisi na kampuni wapewe taarifa mara moja, picha zipigwe gari likiwa palepale, na fundi asiguse kitu kabla mkaguzi hajafika, hata kama wageni wa kesho wamekwishalipa. Kampuni ikikataa madai bila sababu ya kuridhisha, yapo malalamiko ya TIRA na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na hapo karatasi ndizo zinazosikilizwa.