Kangaga la Kinamasi na Chimbuko la Mto Nairobi

Thelypteris confluens ni kangaga la vinamasi vya nyanda za juu barani Afrika. Shina lake jembamba hutambaa topeni na kuchipuza jani mojamoja, wala halifanyi kichaka. Jani lenye spora likigeuzwa, huonekana vidoa vya kahawia vilivyofunikwa nusu na kingo zinazojikunja. Spora ikiota hutoa kijimea bapa, kidogo kuliko ukucha, na upande wake wa chini mbegu za kiume huogelea hadi kwenye yai. Pasipo utando wa maji, yai halitungishwi.

Makazi ya namna hiyo yapo katika kinamasi cha Ondiri, mjini Kikuyu, magharibi mwa Nairobi. Maji ya Ondiri yamefunikwa na zulia nene la mizizi na mimea linaloelea. Anayelikanyaga huhisi ardhi ikitikisika. Humo mna chimbuko la Mto Nairobi, uleule unaopita Museum Hill na mzunguko wa barabara wa Globe katikati ya jiji. Kinamasi hunywa mvua za masika na kuachia maji polepole wakati wa kiangazi, kazi ambayo hakuna bwawa linaloifanya kwa upole kama huo. Pampu za mashamba na mikaratusi hulidhuru eneo hili kwa kunyonya maji yake. Maji yakishuka, zulia hukauka, nyasi za nchi kavu huingia, na spora za makangaga hudondoka bure hata zikiwa maelfu.