Gari la Kulala: Kabla Hujafika Kifaru, Kagua Haya

Desemba ikibisha hodi, barabara ya kaskazini inachangamka ile mbaya. Kila mwenye asili ya Upare na Uchagani anataka kula sikukuu kwao. Magari yanapangana kuanzia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga mpaka Kifaru, kabla hujaikamata Himo. Huko nyumbani nako mambo ni yale yale. Vyumba vitatu, ndugu ishirini, watoto wamepangwa kwenye mkeka kama dagaa, na mjomba aliyetoka Dar anaambiwa akalale kwenye kochi.

Ndipo wajanja wakaja na dawa yake: gari la kulala. Unachukua Toyota Hiace ile tunayoiita kipanya, au Coaster iliyochoka kubeba abiria, unang'oa viti vya nyuma, unaweka kitanda, jiko, betri ya pili na dumu la maji. Ukifika kwenu unaegesha chini ya mwembe, unalala kwako. Shemeji akikoroma, anakoroma mbali.

Tusidanganyane, hili si jambo jipya. Wajerumani wa Westfalia walianza kuzigeuza Volkswagen Kombi kuwa nyumba tangu mwaka 1951. Na hapa kwetu dereva wa lori na utingo wake wamelala kwenye kebini miaka nenda rudi, wakipika ugali pembeni ya tairi. Wazungu nao wanapita na Land Rover zao zenye hema juu ya paa, wakitoka Nairobi kuelekea kusini. Tofauti ni moja tu, msomaji wangu: wale wanajua kuwa gari lenye kitanda si gari la kawaida tena. Wewe je, unajua?

UZITO HAUNA SALAMU

Fundi seremala akishakutengenezea kabati la mninga, atakusifia, utampa chake na chai juu. Hakwambii kwamba lile kabati lina kilo mia. Sasa tupige hesabu ya mtoto wa shule. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, unakaribia kilo 30. Betri kubwa ya pili ni kilo 25 hadi 30. Ongeza kitanda, jiko, friji ndogo, mama, baba, watoto watatu na gunia la mchele la kumpelekea bibi. Hujaondoka Kimara na gari limeshainama kama limepigwa.

Kila gari lina kibati kinachosema uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba. Kisome. Kisha pakia kila kitu ulichokusudia kubeba na ukalipime. Kwa mwenye Coaster hilo si hiari, maana magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 hupimwa kwenye mizani za barabarani. Tumia mbao nyepesi, weka vizito chini na karibu na katikati ya gari, wala usirundike madumu juu ya paa. Tambarare ya Same na Mwanga ina upepo wa kusukuma, na gari lenye kichwa kizito linayumba kama mlevi wa mbege.

TAIRI LINA UMRI WAKE

Hapa tuongee kwa heshima. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba, Same, basi kubwa na basi dogo viligongana uso kwa uso na kuwaka moto. Taarifa za mwanzo za serikali zilitaja watu 38 waliofariki, na chanzo kilichotajwa ni tairi kupasuka. Tairi moja, wenzangu.

Gari la kulala lina ugonjwa wake maalumu. Linakaa limeegeshwa miezi kumi na moja, kashata za tairi zinabaki nzima, mwenye gari anaangalia anasema "bado mapya haya". Kumbe mpira unazeeka ukiwa umesimama. Chungulia ubavuni, utakuta herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. Ukiona 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka mitano au sita, lipeleke kwa fundi alikague kila mwaka. Likigonga kumi, litupe hata kama linang'aa. Na wewe unayenunua matairi ya mtumba, zile tarakimu ndizo cheti chake cha kuzaliwa. Usinunue kabla ya kusoma.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa kiwango cha gari lililobeba mzigo. Upepo mdogo, uzito mkubwa na lami ya Same ya saa nane mchana ni ndugu watatu wanaopenda kuua. Tairi linajikunja, linachemka, linapasuka. Spea nayo ipime, maana spea isiyo na upepo ni pambo tu.

MLIMA UNAPANDWA, MLIMA UNASHUKWA

Lami kuu haina neno. Kazi iko pale unapoiacha Mwanga kupanda Usangi na Ugweno, au unapoiacha Same kwenda Mbaga na milima ya Shengena. Kupanda kila mtu anajitahidi. Kushuka ndiko kunakotenganisha dereva na mshika usukani.

Kuna tabia ya kushusha mlima kwa fri, eti kuokoa mafuta. Bwana wee! Gari zito likiwa halimo kwenye gia, breki peke yake ndiyo inayolizuia. Zikipata moto, maji ya breki yanachemka, yanatoa mapovu, unakanyaga pedali inazama mpaka chini, hakuna kitu. Na ukizima injini kabisa, ile nguvu inayosaidia breki inakwisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Sheria ya wazee wa barabara ni nyepesi: shuka na gia ile ile ambayo ungeipandia. Injini ikuzuie, breki isaidie.

Maji ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea. Yanafyonza unyevu wa hewani, na yakishakuwa na unyevu yanachemka mapema. Kabla ya safari mwambie fundi afungue magurudumu yote manne aangalie pedi na viatu vya breki. Asikwambie "ziko poa" akiwa amesimama mlangoni na soda mkononi.

BETRI MBILI, KAZI MBILI

Kosa linaloongoza ni kuwasha taa, redio na friji kwa betri ile ile ya kuwashia gari. Asubuhi mnaanza kutafuta vijana wa kusukuma, na kijijini vijana wameenda shamba.

Weka betri ya pili kwa ajili ya nyumba, na katikati yake weka rilei ya kuzitenganisha injini ikizimwa. Ile ya kwanza ibaki ya kuwashia gari tu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na waya uwe mnene. Waya mwembamba unapata moto ndani ya ukuta wa mbao, na wewe umelala juu yake.

Betri ya kawaida ya maji haipendi kunyonywa mpaka mwisho. Ipime ikiwa imetulia: volti 12.6 au 12.7 imejaa, volti 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuacha. Maana yake betri ya saa-ampea 100 inakupa 50 tu za kutumia. Friji ndogo ya volti 12 inaweza kula 25 hadi 35 kwa usiku mmoja. Taa za LED na simu za familia zinakula kidogo sana. Kwa hiyo usiku mmoja unapita vizuri, wa pili unaanza kuomba dua.

Dawa ni jua, na jua huku halina bei. Paneli ya wati 100 juu ya paa, kwa siku yenye jua zuri, inaweza kurudisha saa-ampea kama 30. Ila ifute! Vumbi la huku likiganda juu ya paneli, unapata nusu ya ulicholipia. Na ukiegesha chini ya ule mwembe wa kwenu, wewe unapata kivuli na paneli inapata kivuli. Chagueni nani apumzike.

JIKO: HAPA NDIPO PENYE KIFO

Sehemu hii msomee na mwenzio kwa sauti.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inashuka na kutulia sakafuni, chini ya kitanda, ikingoja cheche. Kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la kutolea hewa chini kabisa, linalotokea nje ya gari. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mkanda. Gari likitembea, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, sio kwenye jiko tu. Kupima kama mpira unavuja, paka povu la sabuni. Ukiona mapovu yanakua, panavuja. Anayepima kwa kiberiti hatakuwepo kusimulia. Ukisikia harufu usiku, usiguse swichi yoyote: fungua milango, toeni watoto nje, kisha funga mtungi.

Sasa mkaa. Usangi na Mbaga mwezi wa Julai baridi inauma mifupa, na mtu anaona heri aingize jiko la mkaa ndani ya gari, afunge vioo, apate joto. Mpendwa, hilo ni jeneza lenye magurudumu. Mkaa unaoungua unatoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksidi. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana, hivyo mwili unanyimwa pumzi huku mtu akiwa usingizini. Wala usidanganywe na "mkaa umeshashika, hauna moshi". Moshi ndio ungekuamsha, ile sumu haikuamshi.

Sumu hiyo hiyo inatoka kwenye jenereta na kwenye ekzosi. Ukilala injini ikinguruma ili AC ifanye kazi, na ekzosi ina tundu, mambo ni yale yale. Watu wote garini wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, msitafutane mchawi. Tokeni nje upesi, kisha nendeni hospitali. Baridi inatibiwa na blanketi nzito, soksi na chai ya tangawizi, na tangawizi Same haijawahi kuwa haba, iulizie ile ya Mamba Miamba.

Mtungi mdogo wa kuzimia moto uwe karibu na mlango, sio chini ya magodoro.

MAJI, MBU NA HESHIMA

Beba maji ya kunywa kwenye madumu ya lita 20 badala ya tangi moja kubwa. Dumu linasafishika, linabebeka, na likichafuka unapoteza moja tu. Kumbuka pia visima vingine vya mikoa ya Kilimanjaro na Arusha vina madini ya floraidi, yale yanayochafua meno ya watoto. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, kwa hiyo waulize wenyeji wanakunywa kisima gani.

Ukitaka kula perege wa Nyumba ya Mungu, lile bwawa la Mto Pangani lililojengwa miaka ya 1960, nenda na neti. Shona neti za madirishani zenye sumaku au utepe wa kunasa, ili ulale vioo vikiwa wazi kidogo, hewa ipite na mbu abaki kwao. Chandarua nacho kitundike.

Usiegeshe kwenye korongo kavu hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Mvua ikinyesha juu milimani, maji yanafika kwako wewe ukiwa unaangalia nyota. Kwenye kingo za milima mwezi wa masika na wa vuli uwe macho pia, maana udongo unaporomoka.

Fika kabla ya giza, mtafute mwenyekiti wa kitongoji, sema wewe ni nani na utalala wapi. Ukishajitambulisha, una kijiji kizima cha kukulinda. Maji machafu usimwage karibu na mfereji au ndiva. Lile bwawa dogo la wazee wa Kipare ni shamba na chakula cha watu, si pa kuoshea sufuria zako. Na ukiingia Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, lala palipopangwa kulala, wala usiache ndizi na maembe garini. Tembo ana pua ndefu na hana habari na kitasa cha mlango.

VYA KUBEBA, USIACHE HATA KIMOJA

Jeki inayobeba uzito wa gari lililojaa, na kipande cha ubao wa kuiwekea chini. Spana ya magurudumu. Kipima upepo. Pembe tatu za kuakisi mwanga. Mkanda wa feni, fyuzi za akiba, maji ya rejeta lita tano. Filta ya hewa ya akiba, maana vumbi la barabara za ndani linaziba filta kwa siku chache. Tochi ya kichwani. Sanduku la huduma ya kwanza. Kamba ya kuvutia gari, hata kama hutavutwa, atavutwa mwenzio.

Kama mfuko hauruhusu vyote, anza na matairi, breki na tundu la gesi. Friji na mapazia ya maua yatasubiri mwakani. Bibi kule kijijini hangojei kuona kabati la mninga, anangoja kuhesabu wajukuu wakishuka garini, na hesabu itimie.