JOGOO MKALI: TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, jogoo wa shamba hawiki mjini. Lakini siku hizi anawika, tena kwa nguvu. Nenda Bunju au Mabwepande, wilaya ya Kinondoni. Nenda Chamazi au Toangoma, wilaya ya Temeke. Alfajiri utasikia majogoo wanaitikiana kutoka ua mmoja hadi mwingine. Sisi tunaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam tunafuga kuku, kama ndugu zetu wa vijijini. Kuku wanatupa mayai na nyama. Tukibanwa na shida, tunauza mmoja tunanunua daftari za watoto au dawa.

Tatizo letu ni nafasi. Shambani kuku huzunguka mbali na watu. Huku kwetu ua ni huo huo mmoja. Hapo mama anafua, mtoto anatambaa, bata anapita na vifaranga wake, mbuzi amefungwa kwenye mti, na jirani anakatiza kwenda kuchota maji. Jogoo akiwa mkali, hakuna pa kumkwepa.

Wako wanaocheka wakisikia mtu kapigwa na jogoo. "Ah, jogoo tu huyo!" Ndugu zetu, tusicheke. Tuone kwanza hatari yake, kisha sababu zake, halafu tuone la kufanya.

HATARI YAKE

Jogoo ana silaha mbili: mdomo na kipi. Kipi ni ule ukucha mgumu uliotokeza nyuma ya mguu wake. Jogoo akipigana huruka na kupiga kwa miguu yote miwili. Kipi huchoma kama msumari.

Mtu mzima hupigwa mguuni. Lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu ni mfupi. Yeye hupigwa usoni. Jicho likitobolewa, mtoto anaweza kukosa kuona kwa jicho hilo maisha yake yote.

Wazee nao wako hatarini. Mwaka 2019 madaktari wa Australia waliandika habari za mama mmoja wa miaka 76. Alikwenda kuokota mayai bandani. Jogoo akamdonoa mguuni, penye mshipa wa damu uliovimba. Damu nyingi ikamtoka, akafa. Jambo kama hilo ni nadra sana. Lakini bibi zetu wengi wana mishipa ya miguu iliyovimba. Basi tusiwaachie wao kazi ya kuingia kwenye banda la jogoo mkali.

Tena kuna uchafu. Jogoo huchakura udongo na mavi kutwa nzima. Vijidudu vya pepopunda hukaa humo humo. Kidonda chembamba cha kipi huonekana kidogo kwa nje, kumbe kimeingia ndani sana.

KWA NINI JOGOO HUWA MKALI?

Siyo jini, wala hakurogwa. Jogoo ni mlinzi. Mwewe akipita juu, jogoo hutoa mlio, na vifaranga wote hukimbia kujificha. Nguchiro akinyemelea, jogoo humkabili. Kwa kazi hiyo tunamsifu. Shida huanza pale anapomwona mtoto wetu kama adui.

Sababu kubwa ni hizi:

Kwanza, umri. Pora akifika miezi mitano au sita huanza kuwika na kupanda majike. Hapo ukali nao huanza kuonekana.

Pili, ukoo. Ukali hurithiwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamewachunguza kuku wa kienyeji wa nchi yetu. Kati yao wako Kuchi, Singamagazi na Ching'wekwe. Kuchi tunamjua sana huku pwani. Ni mrefu wa miguu na shingo, ana manyoya machache na kilemba kidogo. Watu wanampenda kwa ukubwa wake. Lakini anajulikana pia kwa kupenda kupigana. Siyo kila Kuchi ni mkorofi kwa watu. Ila anayemfuga awe macho.

Tatu, malezi. Kifaranga dume akilelewa mkononi, akachezewa kama mwanasesere, hukua bila kumwogopa mtu. Akikomaa anamwona mtu kama jogoo mwenzake. Ni afadhali vifaranga walelewe na mama yao.

Nne, uchokozi. Watoto wakimtupia mawe kila siku, jogoo anajifunza kwamba watoto ni maadui. Baadaye hangoji kuchokozwa. Anaanza yeye.

Tano, majogoo kuzidi. Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10. Ukiwa na majogoo watatu na majike watano, vita haviishi. Na majike nao huumia migongo kwa kupandwa mno.

AKIKUJIA, FANYA HIVI

Jogoo hupiga baada ya kutoa dalili. Husimamisha manyoya ya shingo. Hushusha bawa moja na kukuzunguka kiubavuubavu. Ukiziona dalili hizo, jua anataka vita.

Usikimbie. Ukikimbia anajiona ameshinda, na kesho atarudia. Usimpige teke. Kwake teke ni jibu la vita, naye atazidisha. Simama umtazame. Shika kitu cha kujikinga, kama vile beseni, ndoo, ungo au ufagio, ukiweke kati yako na yeye. Kisha ondoka polepole bila kumpa mgongo.

Kumpiga kwa fimbo hakumfundishi adabu. Kunamwongezea ukali na kunaweza kumvunja mguu. Tena nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatesa wanyama.

Jogoo kijana anaweza kutulizwa. Mkamate jioni akiwa amelala, maana gizani haoni vizuri. Mbane mabawa kwapani mwako na umshike miguu, kichwa chake kielekee nyuma, mbali na uso wako. Tembea naye uani kidogo, kisha umrudishe bandani. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili au tatu. Wengine hupoa. Wengine hawapoi, na hao tutawaeleza hapa chini.

KUWALINDA WATOTO

Mtoto mdogo asiachwe peke yake uani wakati jogoo mkali yuko nje. Hilo ni la kwanza, na halina mjadala. Tupange saa. Mathalani, jogoo akae bandani wakati watoto wanacheza. Atoke wakati wamekwenda shule au wamo ndani.

Watoto wakubwa tuwafundishe mambo matatu: wasimtupie jogoo mawe, wasishike vifaranga mbele yake, na wasiingie bandani kuokota mayai akiwemo. Kazi ya mayai afanye mtu mzima, akiwa amevaa viatu vya kufunika mguu.

WANYAMA WENGINE

Jogoo mgeni usimwachie tu akaingia kwa wenyeji. Tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapo pana hekima. Mweke kwanza kwenye tenga au chumba chake kwa siku kadhaa. Ukimfunga kamba, tumia kitambaa laini, mahali penye kivuli na maji, pasipofikiwa na mbwa wala jogoo mwingine. Lakini kamba ni ya muda mfupi. Banda ndiyo dawa.

Majogoo wawili wakitenganishwa kwa wavu bado huonana, na hupigana hapo hapo kwenye wavu mpaka vilemba vikatoka damu. Ziba sehemu ya chini kwa makuti, mabanzi au magunia ili wasionane.

Bata anayelea vifaranga apewe sehemu yake. Vifaranga vya bata hawajui kukimbia upesi, na jogoo anaweza kuwaua kwa kuwadonoa. Vyombo vya chakula na maji viwe vingi na viwe mbalimbali. Ugomvi mwingi uani huanzia kwenye chombo kimoja cha pumba.

KUPUNGUZA KIPI

Kipi kikiwa kirefu na kikali kinaweza kupunguzwa. Lakini angalieni: ndani ya kipi mna mfupa wenye damu. Kinachoondolewa ni ncha tu, kwa kusugua na tupa polepole. Kama hujawahi kufanya, mwombe afisa mifugo wa kata akuonyeshe. Na ujue kwamba kipi huota tena, na jogoo asiye na ncha bado ana mdomo.

ASIPOTULIA

Ukishafanya hayo yote na jogoo bado anawarukia watu, usimbembeleze. Mtoe. Hata kama ni mkubwa, hata kama anapendeza, hata kama ulimnunua kwa bei. Jogoo mwingine utampata. Jicho la mtoto halinunuliwi.

Mchinje mle. Kama alipewa dawa siku za karibuni, muulize kwanza afisa mifugo mngoje siku ngapi. Usimuuzie mwenzako wa kufuga bila kumwambia tabia yake. Huko ni kuhamisha hatari kutoka kwa mtoto wako kwenda kwa mtoto wa mwingine.

Wala usiatamishe mayai ya uzao wake, maana ukali utaupata tena mwakani. Chagua jogoo wa mbegu kwa tabia pia, siyo kwa ukubwa peke yake. Mzuri ni yule anayemfokea mwewe lakini anampisha mtoto. Majogoo wa namna hiyo wapo, tena wengi. Tukiwachagua hao kila mwaka, ua wetu utapoa.

MTU AKIUMIA

Osha kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Damu ikitoka sana, bana penye kidonda kwa kitambaa safi, inua mguu juu, na mkimbilie zahanati. Hata kidonda kidogo cha kipi kionyeshwe kwa mganga wa zahanati, ili aangalie kama sindano ya pepopunda inahitajika. Usipake mavi ya ng'ombe, majivu wala mafuta ya taa.

Jicho likiumia, usilisugue wala usilibane. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya mitishamba. Lifunike kwa kitu kisafi kisichogusa jicho lenyewe, na umpeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kesho. Kinondoni kuna hospitali ya Mwananyamala, na Temeke kuna hospitali ya Temeke.

Watu huuliza kuhusu kichaa cha mbwa. Jogoo haambukizi kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huletwa na wanyama wanaonyonyesha, kama mbwa na paka.

UJIRANI

Jogoo wako akimuumiza mtoto wa jirani, usibishane. Mpelekeni mtoto hospitali kwanza, nawe usaidie gharama. Kisha mfungie jogoo siku hiyo hiyo. Kuku mmoja asivunje undugu wa miaka kumi. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkazungumze. Lakini mwenye jogoo anayewajibika mapema hana haja ya kufika huko.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kipi ni nini, na kwa nini ni hatari zaidi kwa mtoto mdogo?
2. Taja sababu tatu zinazomfanya jogoo awe mkali.
3. Jogoo akikujia, kwa nini usikimbie na usimpige teke?
4. Je, hapo mtaani kwenu kuna jogoo anayewarukia watu? Zungumzeni na mwenyewe. Mtamsaidiaje?