Mashine ya kahawa nayo ina haki ya kusafishwa

Mama mkwe wangu ni mkulima wa kahawa katika vilima vya Huye, kusini mwa Rwanda. Alipokuja Kigali kututembelea alituletea, pamoja na maharage na ndizi, kilo mbili za kahawa aliyoichuma, kuiosha na kuianika kwa mikono yake mwenyewe. Mke wangu akaikaanga na kuisaga. Nami, kwa kutaka kumpa mama heshima inayompasa, sikumwachia mtu mwingine kazi ya kuipika. Niliitia katika mashine yangu ya umeme, ile ambayo maji hupanda yenyewe na kutona juu ya unga wa kahawa, nikammiminia kikombe cha kwanza. Mama akanywa funda moja, akakiweka kikombe mezani, wala hakukigusa tena. Mbele ya wageni hakusema neno. Jioni, walipokwisha kuondoka, ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, kahawa hii uliipikia ndani ya nini?”

Nilikwenda jikoni nikaifungua mashine. Kikapu cha chujio kilikuwa na utando mweusi unaonata vidoleni. Chini ya tangi la maji palikuwa na ute, na matundu yanayotona maji yalikuwa yamezibwa nusu kwa unga mgumu mweupe. Sina haja ya kueleza zaidi nilivyojisikia, hasa kwa askari wenzangu ambao wanajua vyema hali ya mtu aliyeitwa mbele ya gwaride la ukaguzi na mtutu wenye kutu.

Yafaa ieleweke mama yule alikuwa na haki gani ya kuudhika. Kahawa ya Rwanda, ambayo ilianza kupandwa na wamisionari Mibirizi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa miaka mingi ilikuwa zao la kuuzwa nje, na mkulima mwenyewe alikunywa chai au maziwa. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 2000, pale vituo vya kuoshea kahawa vilipoanza kuenea vijijini, kile cha Maraba, huko huko Huye, kikiwa miongoni mwa vile vya mwanzo. Katika vituo hivyo huchaguliwa tunda jekundu peke yake. Humenywa, punje zikalazwa ili ule utelezi wake ulainike, kisha zikaoshwa kwa maji safi mara kadhaa, zikaanikwa juu ya meza za wavu kwa muda wa wiki mbili hivi, huku akina mama wakizipekua moja moja na kutupa zilizotobolewa na wadudu. Ilikuwa kwa sababu ya kazi hiyo kwamba mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanyiwa mashindano ya kahawa bora yanayojulikana duniani kwa jina la Cup of Excellence. Basi kahawa iliyooshwa mara zote hizo kilimani inafika Kigali, nayo inapitishwa katika kikapu ambacho hakijaona sabuni tangu mwezi uliopita.

Siku hizi mashine hizi zimeenea katika nyumba za askari wa jeshi na polisi, na katika vyumba vya zamu pia. Wako walionunua dukani mjini, na wako waliorudi nazo kutoka safari za kulinda amani au masomoni ng’ambo. Wengi tunajua kuiwasha, lakini ni wachache wanaojua kinachotendeka ndani yake, na asiyejua chombo kinafanyaje kazi hawezi kukitunza.

Ndani ya mashine hamna pampu. Maji hushuka kutoka tangini kwa uzito wake, hupita katika kilango kidogo cha mpira kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, kisha huingia katika bomba jembamba la alumini lililoambatana na waya wa joto chini ya sahani inayokalia birika. Hapo maji huchemka kwa mafungu madogo madogo. Mapovu ya mvuke hayawezi kurudi nyuma kwa sababu ya kile kilango, hivyo hupanda juu yakisukuma maji mbele yake, nayo maji hutona juu ya kahawa. Mlio ule wa kukoroma tunaousikia mwishoni ni bomba linalotoa mvuke wa maji yaliyosalia. Waya huo huo ndio unaolipasha joto birika. Ujerumani ndiko mashine ya namna hii ya umeme ilikotoka kwanza, mwaka 1954, kwa jina la Wigomat. Ama ile karatasi ya kuchujia, ilibuniwa na mama wa nyumbani wa mji wa Dresden, Melitta Bentz, mwaka 1908, ambaye alianza kwa karatasi ya kukaushia wino ya daftari la mwanawe. Alikuwa amechoka kutafuna machicha ya kahawa.

Mashine hii ina maadui watatu, na kila mmoja ana silaha yake ya kumpigia, kwa hiyo tusiwachanganye.

Wa kwanza ni mafuta. Punje ya kahawa ina mafuta, na kila upikapo sehemu yake hubaki kikapuni na ndani ya birika. Yakikaa siku mbili tatu katika hewa na joto huchacha, kama siagi iliyosahauliwa, na uchachu huo huingia katika kila kikombe kinachofuata. Adui huyu hafi kwa siki wala kwa maji matupu. Anakufa kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na sponji, kila siku baada ya kupika. Birika lenye shingo nyembamba lisugulie ndani kwa brashi ya chupa, kisha ulisuuze mpaka harufu ya sabuni iondoke kabisa.

Wa pili ni ukungu na vijidudu vya majini. Hawa hupenda mahali penye giza, unyevu na uvuguvugu, na tangi la mashine lina vyote vitatu. Kosa letu kubwa hapa ni kujaza maji usiku ili asubuhi tuwashe tu, au kufunga kifuniko mara tu baada ya kupika. Mwaga maji yaliyobaki. Acha kifuniko wazi mpaka tangi likauke. Ni jambo la sekunde mbili, nalo linashinda dawa yoyote.

Wa tatu, na ndiye anayeua mashine yenyewe, ni chokaa. Maji yote yaliyopita ardhini hubeba chokaa, mahali pengine nyingi na pengine kidogo. Yanapochemshwa, chokaa hiyo huganda. Anayetaka kuiona kazi hiyo kwa ukubwa wake na aende Mashyuza, huko Bugarama katika wilaya ya Rusizi, ambako maji ya moto yatokayo ardhini yamejenga mwamba mzima wa chokaa. Katika bomba la mashine yako inajengwa tabaka iliyo nyembamba kama ganda la yai, lakini inatosha kuleta madhara. Joto la waya linashindwa kuyafikia maji kama kawaida, bomba linapata moto kupita kiasi, thamostati inakata umeme kabla ya wakati, kisha inarudisha, kisha inakata tena. Dalili zake ni hizi: birika lililojaa kwa dakika nane sasa linachukua kumi na tano, mvuke unakuwa mwingi na maji machache, kahawa inatoka ya uvuguvugu na nyepesi.

Hapa Kigali jambo hili lina uzito wake wa pekee. Mji wetu uko katika mwinuko wa mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam. Kahawa ya kutonesha hutaka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Kwa hiyo mashine iliyo safi inatupatia joto linalofaa bila ziada kubwa, na kila nyuzi inayopotezwa na ukoko wa chokaa ni hasara ambayo hatuna pa kuifidia.

Dawa yake ni asidi nyepesi. Watu wa pwani wamesugua vyombo vyao vya shaba kwa ndimu na ukwaju tangu zamani, nasi tunafuata kanuni ile ile. Chukua siki nyeupe fungu moja na maji mafungu mawili, ujaze tangi. Weka karatasi ya kuchujia ili inase vipande vya chokaa vitakavyong’oka. Washa, acha nusu ipite, kisha zima na usubiri kati ya nusu saa na saa moja, ili asidi ifanye kazi ndani ya bomba. Washa tena, nusu ya pili ipite. Baada ya hapo mwaga, upitishe maji safi matupu, birika zima, mara mbili au tatu, mpaka pua isiione tena siki. Aliyekosa siki anaweza kutumia maji ya ndimu, ila ayachuje vizuri kwa kitambaa, kwani nyuzi za ndimu zinaweza kuziba kile kilango cha mpira, na hapo atakuwa ameongeza ugonjwa. Usilaze asidi humo usiku kucha, maana bomba ni alumini nalo huliwa. Kwa mtu anayepika kila siku, mara moja kila mwezi au miezi miwili yatosha. Na kwa kuwa katika nyumba nyingi za Kigali tunachemsha maji ya kunywa, yatumie hayo hayo yakishapoa na kutulia, kwa sababu sehemu ya chokaa yake imekwisha kubaki sufuriani.

Ikiwa mashine inanguruma lakini maji hayapandi, usikimbilie kuitupa. Aghalabu ni kile kilango kilichonata. Ng’oa plagi, iache ipoe, mwaga maji, igeuze kichwa chini juu ya karai na uigonge pole pole kwa kiganja, kisha pitisha dawa ya siki. Nimeona kwa macho yangu mashine mbili zilizokuwa zimewekwa kando ya pipa la taka zikifufuka kwa njia hii. Moja wapo ilikuwa ya afisa mwenzangu ambaye alikwisha kununua nyingine.

Yako mambo matatu ya hatari ambayo hayavumiliki. Mashine haitumbukizwi majini kamwe. Mwili wake na ile sahani ya joto hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, plagi ikiwa imeng’olewa. Pili, dawa ya kung’arisha nguo nyeupe, ambayo hapa tunaiita javeli na majirani zetu huiita jiki, isikutane na siki hata kidogo. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Jikoni padogo palipofungwa madirisha, kiasi kidogo chatosha kumpeleka mtu hospitali. Tatu, mashine iliyonunuliwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka katika umeme wetu wa volti 230 bila kipunguza volti kinachoweza kubeba nguvu yake, waya wake utavuta karibu mara nne ya nguvu uliyokusudiwa, nayo itakufa siku hiyo hiyo. Soma kibandiko kilicho chini ya mashine kabla ya kuilipia mzigo wa ndege. Hali kadhalika, fyuzi ya joto iliyokatika ibadilishwe na fundi kwa fyuzi ya aina ile ile. Anayekuunganishia kipande cha waya mahali pake amekuondolea mlinzi wa nyumba yako.

Limebaki swali ambalo mama mkwe alinisaidia kulijibu: mtu atajuaje kama kosa ni la mashine au la kahawa? Kahawa ya Rwanda na Burundi ina kasoro moja inayojulikana sana, ile ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje moja tu yenye kasoro hiyo huharibu birika zima. Lakini hutokea mara moja, na birika linalofuata likawa zuri. Ladha ya mashine chafu haiendi hivyo. Iko leo, iko kesho, na iko hata ukibadilisha kahawa. Nakiri kwamba kabla ya ziara ile nilikuwa nimemlalamikia muuza kahawa wangu mara mbili, naye, kwa uungwana, alinibadilishia pakiti zote mbili bila kubisha. Nimekwisha kumwomba radhi.

Mama alikuja tena baada ya mavuno yaliyofuata, na safari hii kilo zilikuwa tatu. Hakungoja sebuleni. Alipita moja kwa moja jikoni, akakichomoa kikapu cha chujio, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakinusa, akapitisha kidole ndani ya tangi na kukitazama. Kisha akanirudishia kikapu mkononi, akaniambia niwashe.